Kushukiwa, Kushtakiwa, Kuhukumiwa: Maneno Matatu Tunayoyachanganya Pwani

Kila genge la mapanga linapovamia mtaa Kisauni au Likoni, makundi yetu ya WhatsApp hujaa ujumbe wa namna moja. Picha za vijana zinasambazwa, majina ya baba zao yanatajwa, na chini yake watu wazima, wengine wazazi, wengine walimu, wanaandika: wamalizwe. Polisi wakipiga mtu risasi usiku ule, asubuhi watu wanapongezana. Na ndio hao hao waliokuwa wakiuliza, baada ya polisi kuvamia Masjid Musa pale Majengo tarehe 2 Februari 2014, kwa nini kijana aliyekamatwa hapelekwi kortini, ana kosa gani na nani amelithibitisha.

Maswali yale yalikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba tunayauliza mtoto akiwa wetu tu.

Juma hili naandikia hasa wanafunzi wa sekondari na vyuo, kwa kuwa wao ndio wanaokamatwa kwenye misako na wao ndio wanaosambaza picha hizo. Mimi si wakili. Nitakayoyasema yako kwenye Katiba ya 2010 na kwenye sheria za kawaida za nchi, na kila mwenye simu anaweza kuyasoma bila malipo. Lakini wengi wetu sheria ya jinai tumeisikia barazani, na barazani mambo huchanganyika.

Tuanze na jina la kesi. Ukishtaki jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, kesi ni yako na yeye. Ukiibiwa au ukikatwa panga, kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani. Wewe uliyeumizwa unakuwa shahidi, na anayeamua nani ashtakiwe na kwa kosa gani ni Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma. Wengi huona jambo hili geni, hata huwaudhi, lakini lina maana kubwa: jinai ni kosa lililotendewa jamii nzima, kwa hivyo hakuna familia inayoweza kulisamehe kosa kubwa kwa niaba ya sote. Ndiyo maana ule mtindo wetu wa mtoto kunajisiwa, wazee wakakaa, pesa zikapita mkono kwa mkono na mambo "yakaisha nyumbani", hauna mahali kwenye sheria. Kwa makosa madogo ya watu binafsi, kama kuzabana vibao, mahakama inaruhusiwa kuhimiza suluhu. Kunajisi mtoto si vibao. Na kwa wale wanaoniuliza mbona yasipelekwe kwa kadhi: mahakama ya kadhi, kwa Kifungu cha 170, ni ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu baina ya Waislamu. Jinai haimo.

Sasa kosa lenyewe. Kwa makosa mengi, sheria inataka vitu viwili vithibitishwe pamoja, kitendo na nia. Umetoka msikitini baada ya Ijumaa, umevaa ndara za mtu mwingine ukidhani ni zako. Umechukua mali isiyo yako, kitendo kipo. Lakini hukuiba, kwa sababu wizi kwenye Sheria ya Makosa ya Jinai, Sura ya 63, unahitaji udanganyifu, yaani uchukue ukijua huna haki nayo. Aliyeziona mpya akaziacha zake kuukuu makusudi, huyo ni mwizi, hata kama swafu ya kwanza ilikuwa yake.

Nia ndiyo inayotenganisha pia mauaji ya kukusudia na kuua bila kukusudia, na hapa tuna mfano wetu wenyewe. Agosti 2014 polisi waliingia usiku katika boma moja huko Kinango, Kwale, wakimtafuta mtu mwingine, wakampiga risasi msichana wa miaka 14 akafa. Walisema aliwajia na panga. IPOA, mamlaka huru inayochunguza polisi, ilichunguza, na maafisa wawili wakashtakiwa kwa mauaji. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Mombasa iliwapata na hatia, lakini ya kuua bila kukusudia, kila mmoja miaka 7. Rufaa yao ilikataliwa. Nakumbuka wengi walikasirika, wakaona adhabu ni ndogo kwa roho ya mtoto. Hasira ile naielewa. Lakini mahakama haikusema roho ya mtoto ni rahisi. Ilichosema ni kwamba kuua kulithibitishwa na kusudio la kuua halikuthibitishwa, na huwezi kumfunga mtu kwa sehemu ya kosa ambayo hukuithibitisha. Kanuni hiyo iliwakinga polisi wawili siku ile. Ndiyo hiyo hiyo itakayomkinga mwanao.

Wenye kuwaua wazee kule Kilifi kwa tuhuma za uchawi nao wangefaa kuisoma sheria hii. Mzee wa Ganze au Magarini anaitwa mchawi, mara nyingi kuna shamba nyuma ya neno hilo, na kundi la vijana linamfuata usiku. Kila mmoja husema hakupiga yeye pigo la mwisho. Kwa sheria yetu walioungana kwa nia moja wote huhesabiwa wametenda, na aliyesaidia au kuchochea anasimama kizimbani na aliyeshika panga. Hivyo hivyo wanaomchoma mwizi wa pikipiki. Waliokuwa wakirekodi video wajiulize mioyoni mwao kama walikuwa watazamaji kweli.

Umri nao unahesabiwa. Sheria ya Watoto ya 2022 inasema mtoto wa chini ya miaka 12 hawezi kubebeshwa kosa la jinai, na wa chini ya miaka 14 huchukuliwa hawezi kupambanua baya na jema mpaka upande wa mashtaka uthibitishe vinginevyo. Katiba, Kifungu cha 53, inataka mtoto awekwe kizuizini kama njia ya mwisho tu, kwa muda mfupi kabisa, na asichanganywe na watu wazima. Yataje haya Kisauni utaambiwa unawatetea wahalifu, maana baadhi ya wanaotajwa kwenye magenge ni watoto wa shule ya msingi. Ndiyo, ni watoto. Mtoto wa miaka 13 aliyepewa panga na mtu mzima ni kesi mbili. Sisi hutaka kuimaliza moja kwa risasi, na ya yule mtu mzima hatuiulizi kabisa.

Nije kwenye yale maneno matatu.

Mshukiwa ni mtu ambaye polisi wana sababu ya kumdhania. Mshtakiwa ni yule aliyesomewa shtaka mbele ya hakimu au jaji. Mwenye hatia ni yule ambaye mahakama, baada ya kusikiza ushahidi, imeridhika pasi na shaka ya maana kwamba alitenda. Kutoka la kwanza hadi la tatu ni safari ndefu, na mzigo wote wa safari hiyo uko mabegani mwa anayeshtaki. Mshtakiwa halazimiki kuthibitisha kwamba hakutenda. Kifungu cha 50 kinasema atachukuliwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume. Sisi Waislamu hatupaswi kuiona kanuni hii kama kitu cha Mzungu. Kila aliyekaa kwenye darsa la fiqhi ameisikia, kwamba bayyina ni juu ya anayedai, na yamini ni kwa anayekana. Tunaijua. Tunaisahau tu mtu akipigiwa kelele za mwizi.

Mwaka 2015, baada ya shambulio la Chuo Kikuu cha Garissa, serikali iliyaweka mashirika mawili ya haki za binadamu ya hapa Mombasa, HAKI Africa na MUHURI, kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi, na akaunti zao za benki zikafungwa. Kuna watu wa hapa hapa Pwani waliosema serikali haiwezi kuwataja bure. Mahakama Kuu ya Mombasa ilipotaka ushahidi ukakosekana, na mwaka huo huo ikaamuru akaunti zifunguliwe. Ikiwa shirika zima lenye mawakili linaweza kutajwa kwa njia hiyo, fikiria muuza miraa aliyetajwa na mtoa habari mwenye kisasi naye.

Ukikamatwa, Kifungu cha 49 ndicho ngao yako, nami ningependa kila mwanafunzi akijue kama anavyoijua namba yake ya simu. Uambiwe mara moja, kwa lugha unayoielewa, kwa nini umekamatwa. Una haki ya kuwasiliana na wakili na mtu mwingine ambaye msaada wake unahitajika, yaani mamako au mjombako. Una haki ya kunyamaza. Hili la kunyamaza watu wetu huliogopa, wanaona ni dalili ya hatia. Kwenye nikaha, ukimya wa mwari huchukuliwa ni ridhaa. Kwenye kituo cha polisi ukimya hauna maana hiyo wala haupaswi kupewa. Jina lako na unakokaa sema. Mengine yangoje wakili.

Kuna lile la "wewe sema ukweli tu, utie sahihi hapa, uende zako nyumbani". Vijana wengi wameingia hapo. Kwa Sheria ya Ushahidi, kukiri kosa hakukubaliwi mahakamani mpaka kuwe kumefanywa mbele ya jaji, hakimu, au afisa wa polisi wa cheo kinachotakiwa na sheria ambaye si yeye anayeipeleleza kesi hiyo, na pawe na mtu wa tatu uliyemchagua mwenyewe. Sahihi uliyotia saa saba za usiku mbele ya askari wawili na rungu si kukiri. Lakini usiitie, kwa sababu kuja kuikana baadaye ni kazi na gharama.

Halafu saa 24. Lazima ufikishwe mahakamani haraka iwezekanavyo, na isizidi saa 24 tangu kukamatwa. Saa hizo zikiishia nje ya muda wa mahakama au siku ambayo si ya mahakama, basi mpaka mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Hapa ndipo penye ule ujanja tunaoujua wa kukamata watu Ijumaa baada ya alasiri. Kijana analala ndani Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na kwa hesabu ya Katiba hakuna kilichovunjwa, ingawa kila mmoja anaelewa kilichofanyika. Chini ya katiba ya zamani mambo yalikuwa mabaya zaidi: anayeshukiwa kwa kosa la kunyongwa angeweza kuwekwa siku 14. Kwa kesi za ugaidi, sheria ya 2012 inaruhusu mtu azuiliwe siku 30, zikaongezwa, zisizidi 90 kwa jumla. Ni siku nyingi mno kwa maoni yangu. Ila hata hizo haziamuliwi na polisi, zinaamuliwa na mahakama, na mshukiwa lazima aletwe aonekane. Tofauti ya mtu aliyezuiliwa siku 90 kwa amri ya mahakama na mtu aliyechukuliwa kwenye gari lisilo na namba ni kwamba wa kwanza mamake anajua yuko wapi.

Dhamana nayo haieleweki. Hakimu akimpa mshtakiwa dhamana, mtaani inasemekana amehonga. Huenda wapo wanaohonga, siwatetei. Lakini tangu 2010 hakuna kosa lisilo na dhamana nchini, hata mauaji, labda upande wa mashtaka uonyeshe sababu nzito, kwa mfano kwamba atatoroka au atawatisha mashahidi. Dhamana ina kazi moja, kuhakikisha mtu anarudi kortini. Pesa taslimu alizoweka hurudishwa kesi ikiisha, kwa hivyo risiti ihifadhiwe. Na kituoni ukiambiwa ulipe bila kuandikiwa risiti, hiyo ni hongo tu, haina jina lingine.

Mwathiriwa wa panga hayumo katika yote haya? Yumo. Ana haki ya kulindwa, ya kusikizwa, ya kuona kesi inakwenda. Lakini mara ngapi kesi za mapanga zimekufa kwa sababu shahidi aliogopa au faili ilipotea? Mshukiwa akipigwa risasi barabarani hakuna faili ya kupotea, na hakuna wa kumuuliza nani aliyewapa panga. Ukitaka kumjua mwenye genge, unamhitaji yule kijana akiwa hai, kizimbani, na wakili wake. Sheria ya Huduma ya Taifa ya Polisi ya 2011, kwenye Jedwali la Sita, inaruhusu bunduki kutumika pale njia nyingine zinaposhindwa, kama kuokoa maisha ya afisa au ya mtu mwingine, na inataka kila kifo kipelekwe kwa IPOA kichunguzwe. Askari aliyemwokoa mtu anayekatwakatwa hana la kuogopa kwenye uchunguzi huo. Anayeogopa uchunguzi ni mwingine.

Ninaandika haya wakati nchi nzima imeanza kuonja yale ambayo Pwani iliyaonja mapema. Kufikia mwisho wa Desemba 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu watu 82 waliotekwa tangu maandamano ya Juni mwaka huo, na 29 kati yao walikuwa bado hawajulikani walipo. Juni 2025 Albert Ojwang, mwalimu na mwanablogu, alikamatwa Homa Bay kwa maandishi ya mtandaoni yaliyosemekana kumchafulia jina afisa mkuu wa polisi, akasafirishwa hadi Nairobi na kufia mikononi mwa polisi. Tuliambiwa alijigonga ukutani. Uchunguzi wa maiti ulionyesha majeraha ya kichwa na dalili za kukabwa shingo. Mwanafunzi wa sheria ajue na jambo jingine hapo: kifungu kilichofanya kumchafulia mtu jina kuwa kosa la jinai kilibatilishwa na Mahakama Kuu mwaka 2017. Aliyechafuliwa jina anaweza kudai fidia kwa kesi ya madai. Kumfuata mtu kwao na pingu ni kitu kingine.

Maafisa wa polisi ni miongoni mwa walioshtakiwa kwa mauaji yake. Nao, kwa Kifungu cha 50, hawana hatia mpaka ithibitishwe. Naona uchungu kuiandika sentensi hiyo, na naiandika.

Anapochukuliwa mtu na hajulikani alipo, iko amri ya hebias kopas. Wakili, mzazi au rafiki anakwenda Mahakama Kuu, na mahakama inamwamuru anayemshikilia amlete mtu huyo mbele yake. Kifungu cha 25 kinaiweka haki hii pamoja na haki ya kutoteswa, ya kutofanywa mtumwa na ya kusikizwa kesi kwa haki; hizo nne haziwezi kupunguzwa kwa sababu yoyote, hata ya usalama. Kwa hivyo mtoto akichukuliwa, nendeni kituoni mkiwa wengi, ulizeni kama jina limeandikwa kwenye kitabu cha OB, chukueni nambari, na kama hayumo andikisheni nyinyi kwamba mtu amepotea, mtaje saa, mahali na gari. Msingoje kuambiwa mrudi kesho. Maandishi hayo ya siku ya kwanza ndiyo wakili atakayoyapeleka kwa jaji.

Amri hiyo ina udhaifu mmoja, na Pwani tunaujua. Inamfaa aliye hai na anayekubaliwa kwamba anashikiliwa. Katika uvamizi ule wa Masjid Musa, picha ya kijana mmoja ilitoka magazetini akiwa chini ya mikono ya askari. Familia ilipouliza, jibu la polisi lilikuwa kwamba alitoroka. Kwenye Sura ya 63 kuna kosa la kuteka nyara na la kumfungia mtu isivyo halali, lakini kosa la dola kumpoteza mtu na kisha kukana halimo kwa jina lake. Kenya ilitia sahihi mkataba wa kimataifa wa kuwalinda watu dhidi ya kupotezwa Februari 2007. Kuuridhia bado. Tuna wabunge Mombasa, Kwale, Kilifi, Tana River, Lamu na Taita Taveta, na wengi wao waliwahi kusimama mbele ya familia hizi wakaahidi haki. Mswada wa kulitaja kosa hilo hauhitaji zaidi ya mbunge mmoja wa kuuandika.